Tulivyoifuata Bajaji hadi Tabora

Kila anayeingia kwenye kibanda changu pale soko la Jabe kuleta redio au simu iliyokufa, kabla hajasema ugonjwa wa simu, ananiuliza: "Sadiki, ile bajaji iko wapi?" Nimeeleza mpaka ulimi umechoka. Tena naeleza kwa vipande: huyu anasikia mwanzo, yule anasikia mwisho, na wa tatu anajitungia katikati. Juzi nimesikia sokoni kwamba Mama Riziki alifungwa gerezani Tabora. Hakufungwa. Alipigiwa makofi na uwanja mzima, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Basi nimeandika yote. Someni, mpitishiane, mniache nichomelee waya zangu.

Kabla hatujatoka Jabe

Kwa wasiomjua, Mama Riziki ni mwanamke wa Uvira, Kongo, aliyehamia Bujumbura zamani. Anauza ndagala, yaani dagaa wa ziwani, meza ya pili kutoka kibanda changu. Kila alfajiri huwafuata wavuvi Kajaga, na shida ya Kajaga si samaki, ni namna ya kuwafikisha sokoni. Yeye na wenzake hubeba beseni kichwani sehemu kubwa ya njia, na shingo yake ilikuwa imeanza kugoma.

Kwa kuwa huenda Kigoma kununua vitenge, ana laini ya simu ya Tanzania iliyosajiliwa kwa jina lake. Huko bahati nasibu inachezwa kwa simu: unachagua namba sita, unalipia hapohapo, unangoja. Sisi wanane wa pale sokoni, naye akiwemo, tulichanga, tukampa namba, akatuchezea alipokwenda Kigoma. Hata Mzee Yusufu muuza nyama alichanga, yeye aliyekuwa akituhubiria kila siku kwamba kamari inaleta balaa. Alipoulizwa, alijibu bila kupepesa macho: "Loto ni haramu. Bajaji ni halali."

Safari iliyofuata Mama Riziki alirudi kutoka Kigoma na ujumbe kwenye simu: *Hongera! Namba zako zimekuingiza kwenye droo kubwa ya bajaji. Fika uwanjani Tabora Jumamosi au uwe hewani.*

Tuliusoma wote wanane, tukaupokezana kama mtoto mchanga. Droo, kwa tunavyojua sisi, ni ile ya meza, ya kuwekea vijiko. Mzee Yusufu akatoa tafsiri kwamba bajaji yetu imeshawekwa akiba mahali, imefungiwa, inatungoja. Hakuna aliyempinga, maana ilikuwa tafsiri tamu. Kilichotutatiza ni yale maneno ya mwisho.

"Uwe hewani?" Mama Riziki aling'aka. "Yani banataka tupande ndege? Mi siwezi panda ndege. Tutaenda na barabara."

Nikachaguliwa kumsindikiza, kwa hoja kwamba zawadi imekuja kwa simu na mimi ni fundi wa simu.

Bujumbura hadi Nyanza-Lac

Tulipanda basi dogo asubuhi, tukakaa, basi likajaa, konda akapiga mlango. Dereva hakuwemo. Alikuwa kwenye foleni ya esanse na dumu lake, na foleni ile mnaijua wenyewe. Tukabaki tumekaa ndani ya basi lisilo na dereva wala mafuta, tumebanana na tayari kwa safari.

Bibi mmoja mwenye kilemba cheupe, jirani yetu wa kiti, alimuuliza Mama Riziki anakwenda wapi.

"Kuchukua loto yangu."

"Mana yanje! Loto!" Bibi akamwita Mungu wake, akapiga kofi. "Amerika!"

Hapo ndipo niliposhindwa kuzuia. Kwetu ukisema loto, watu hawasikii fedha, wanasikia ile bahati nasibu ya viza. Habari ilipita basi zima kabla sijafungua mdomo. Mtu wa nyuma akaomba tumsalimie mdogo wake Texas. Mama mmoja akataka kutupa chupa ya mawese tumpelekee mwanawe Kanada, kwa kuwa "si ni majirani?" Mchungaji aliyekuwa kiti cha mbele akageuka, akamwekea Mama Riziki mkono kichwani, akaiombea ndege yake isianguke.

"Ni bajaji tu," nikamwambia bibi. "Anafuata bajaji."

"Ego, ndiyo," akasema kwa huruma, kama anayemwelimisha mshamba. "Hata bajaji huko ziko."

Nikamgeukia Mama Riziki anisaidie. Alikuwa amefumba macho, ameinamisha kichwa.

"Acha, Sadiki," akaninong'oneza. "Maombi ni maombi."

Dereva alirudi jua likiwa utosini, amebeba dumu kama kombe la ushindi, na tukamshangilia hivyohivyo. Rumonge tulikula samaki mukeke wa kuchoma na ndizi, na Nyanza-Lac tulishuka huku basi zima likitupungia mikono. Bibi alilia kabisa. Mpaka leo yuko mtu mahali fulani anayeamini Mama Riziki anaishi Texas.

Mugina hadi Kigoma

Mpakani sitaki kukaa. Tulivuka Mugina, tukatokea Manyovu, tukateremka Kigoma tumejaa vumbi mpaka kwenye kope. Mama Riziki alinipeleka moja kwa moja kwa wakala wa bahati nasibu, dada kijana mwenye mwavuli na meza karibu na stendi, anayewachezea wale wasioweza kubonyeza simu wenyewe.

"Habari ya kazi, dada. Tumekuja kuulizia bajaji," nikasema.

Dada akausoma ujumbe, akamtazama Mama Riziki, akausoma tena.

"Mama, hujashinda."

"Iko imeandikwa hongera."

"Hongera ya kuingia droo. Waliopata namba tatu katika sita wote wameingizwa. Jumamosi mashine itachagua laini moja kati ya hizo, mwenyewe atapigiwa simu palepale uwanjani. Akitaja jina lake, kachukua bajaji."

"Bote ni wangapi?"

"Wengi, mama."

Nikauliza kuhusu ndege. Dada alicheka mpaka mwavuli ukatikisika. Kuwa hewani, kumbe, ni kuacha simu yako iwe wazi ipatikane. Laini hiyo haishiki Bujumbura, lakini hapo Kigoma inashika vizuri sana. "Mngekaa tu hapa, mle migebuka wa ziwani, msubiri," akasema. "Hata kitandani mtu anashinda."

Nilimtazama Mama Riziki nikitegemea atasema turudi, au angalau tukae. Alijifunga kitenge upya, kwa nguvu, kama anayetaka kupigana.

"Kama bajaji iko Tabora, ntaenda iangalia na macho. Mutu hapokei mume kwa simu."

Kigoma hadi Tabora

Treni ilichelewa, kisha ikachelewa kule kuchelewa. Tulipoingia behewani, tukaketi mkabala na mzee mnene wa Tanga aliyejitambulisha kuwa Kombo, mpishi mstaafu wa meli za mizigo. Alikuwa ametoka kumtembelea binti yake. Aliposikia neno loto alisogea mbele kama mtu aliyetajiwa mchumba wake wa zamani.

"Mimi nimecheza kila bandari niliyotia nanga," akasema. "Na kila bandari nimeliwa."

Akatusomesha mpaka Uvinza. Hispania, alisema, wakati wa Krismasi tiketi moja ni ghali, basi huuzwa vipande kumi, jamaa na majirani wanagawana. Na siku ya kuchezesha, watoto wa shule husimama mbele ya taifa wakiziimba namba. Zinaimbwa moja moja tangu asubuhi, na watu wazima wanalia kwa kuzisikiliza.

"Kanisani?" Mama Riziki akauliza.

"Ukumbini. Lakini wanaomba kuliko kanisani."

Napoli, Italia, watu huchezea ndoto. Ukiota maiti kuna namba yake, ukiota maiti anayeongea ni namba nyingine. Marekani ukipata donge kubwa unaulizwa: ulipwe lote leo, likiwa limepungua, au ulipwe polepole miaka na miaka?

"Leo," Mama Riziki akasema papo hapo. "Kesho si ya mutu."

Lakini Uchina ndiyo iliyomteka. Kule, akasema Bwana Kombo, mshindi huenda kupokea hundi yake amevaa kinyago cha dubu au katuni, ili ndugu na wakopaji wasimtambue.

"Sadiki," Mama Riziki akanigeukia, "Tabora tunaweza pata kinyago?"

Nikamuuliza mpishi kuhusu mtandao, maana vijana wengi wa kwetu Buyenzi hunijia na simu zao wakitaka kucheza loto za Ulaya wakiwa kitandani. Akatikisa kichwa. Kuna kampuni za aina mbili, akasema. Moja ina mtu kule, anakwenda dukani anakununulia tiketi ya kweli, anaipiga picha, anakutumia. Ya pili hainunui tiketi yoyote; wewe na yeye mnawekeana dau tu kuhusu namba zitakazotoka, na zikitoka zako anatakiwa akulipe yeye, kutoka mfukoni mwake.

"Na nitajuaje niko kwa yupi?"

"Ukishindwa hutajua kamwe. Ukishinda utajua siku hiyohiyo."

Kaliua watu walichungulia madirishani wakiuza asali kwenye chupa za maji. Bwana Kombo alinunua, akaonja, akasema si mbaya, akatulisha sote mkate na asali kwa kisu chake cha melini. Nimekula karamu za harusi zisizofikia mkate ule.

Tabora

Bajaji ilikuwa katikati ya uwanja, nyekundu, imefungwa utepe, imewekwa juu ya jukwaa kama bibi harusi. Mama Riziki aliizunguka mara mbili. Alibonyeza kiti cha nyuma, akapima kwa mikono yake beseni ngapi zitaingia. Nilimwona akijishika shingo, na mimi, niliyekuja nikiwa nimekwisha kata tamaa tangu Kigoma, nikaanza kuomba kwa dhati.

Mtangazaji alikuwa kijana wa suti ya kung'aa, mwenye sauti inayojaza uwanja. Kabla ya kuchezesha alituonya kuhusu matapeli. "Ndugu zangu, mtu usiyemjua akikupigia akasema umeshinda, akakuuliza jina lako, kata simu! Huyo ni mwizi! Tumeelewana?"

"Tumeelewana!" uwanja ukajibu. Mama Riziki alijibu kwa sauti kuliko wote. Halafu akaniambia ana njaa, anakwenda kutafuta mahindi ya kuchoma kule nje ya ukuta.

Mashine ikachagua. Mtangazaji akasema laini aliyoipata ni ya mwanamke, atampigia mara tatu, na sote tutasikia kupitia vipaza sauti. Simu ikaita.

"Haloo!" ikasema sauti ninayoisikia kila siku ya Mungu, meza ya pili kutoka kwangu.

"Hongera mama! Umebakiza hatua moja tu. Tutajie jina lako kamili."

"Jina yangu utaifanyia nini?"

Uwanja ukacheka. Mtangazaji naye akacheka. "Mama, umeshinda! Taja jina tu."

"Mwizi weye! Mama yako anajua kazi unafanya? Alikubeba miezi yote ile juu uibie batu na simu?" Akakata.

Nilikuwa nimeshaanza kukimbia. Nilikanyaga watu, nikaruka benchi, nikaomba radhi kwa mikono. Nyuma yangu simu iliita mara ya pili, na vipaza sauti vikamwaga juu ya mji wa Tabora habari za ukoo wa mtangazaji, kuanzia kwa babu yake. Watu walikuwa wamelala chini kwa kicheko. Nilimkuta kando ya jiko la mkaa, hindi mkono mmoja, simu mkono mwingine, anamweleza muuza mahindi: "Onyo ametoa mwenyewe sasa hivi, na tayari banapiga! Batu hawana aibu." Kelele za uwanjani alidhani ni za mtangazaji na vichekesho vyake.

Simu ikaita mara ya tatu.

"Mama Riziki, pokea! Sema jina lako! Ni bajaji!"

Aliniangalia kwa masikitiko makubwa, kama mama anayemwona mwanawe mlevi.

"Sadiki," akasema. "Hata weye bamekununua?"

Na kwa kuwa kidole kilikuwa kimeshabonyeza, hayo nayo yalisikika uwanja mzima.

Nikampokonya simu nikapiga kelele jina lake, la baba yake na la babu yake. Mtangazaji, akijifuta machozi, akasema kwa upole kabisa kwamba sheria inamtaka mwenye laini aseme mwenyewe, na mara tatu zimekwisha. Namba iliyofuata ilikuwa ya kinyozi wa Nzega, aliyepokea kabla simu haijaita sawasawa, akataja jina lake mara nne.

Nilimweleza palepale kando ya jiko. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaliweka lile hindi juu ya ukuta, taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika, na hakulichukua tena.

Walimwita jukwaani. Umati ukasimama, ukampigia makofi, wakataka awatukane tena. Yeye alisimama ameshika pembe ya kitenge chake, anaitazama bajaji. Mtangazaji alimkumbatia, akamwita mama yake, akasema kampuni haiwezi kumwacha aende mikono mitupu. Wakatoa zawadi ya kifuta jasho: godoro. Jipya, nene, ndani ya nailoni, refu kuliko mimi.

Kurudi na godoro

Jamani, msilidharau godoro mpaka mtakapolisafirisha. Haliingii mlangoni, na likiingia halikunjiki. Haliwekwi juu, chini hakuna nafasi. Tulilisimamisha kwenye ujia wa behewa la daraja la tatu, na kila aliyetaka kupita alilipiga kumbo likaniangukia mimi. Mama Riziki aliketi dirishani, ameshika chapati asiyoila. Baada ya vituo kadhaa ndipo akasema, bila kunigeukia:

"Sadiki, ntabaambia nini bale batu?"

"Tutawaambia ilivyokuwa."

"Godoro moja. Batu wanane. Tutalikata na kisu?"

Benchi la pili kutoka letu alikuwa amelazwa mzee mmoja wa Ujiji, Mzee Athumani, aliyepasuliwa nyonga hospitali ya mbali na sasa anarudishwa kwake na binti yake Mwajuma. Ubao ulikuwa mtupu, na kila treni ilipotikisika mzee aliuma pembe ya kanzu yake asipige kelele. Mwajuma alikuwa amemwekea mapaja yake, lakini mapaja hayafiki mgongoni. Mama Riziki alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akasimama.

"Fungua nailoni."

"Mama Riziki, tukifungua si jipya tena."

"Niko nakuambia fungua."

Tulilitandika chini, abiria wakajibana, wanaume wanne wakamshusha mzee taratibu. Alilala kabla treni haijapita daraja lililofuata. Mwajuma alikaa chini pembeni ya godoro akalia, na Mama Riziki akamgawia chapati iliyokuwa imemshinda yeye mwenyewe tangu Tabora.

Ujiji

Kigoma walimteremsha mzee akiwa juu ya godoro, wakampandisha kwenye pikapu ya mpwa wake, juu ya godoro. Nasi tukapanda, maana mali yetu ilikuwa inaondoka. Ujiji nyumba ilijaa majirani. Wakamwingiza ndani, bado juu ya godoro, wakaliweka juu ya kitanda chake cha kamba kama lililokatwa kwa kipimo chake.

Tulipewa ugali na migebuka wa mawese, tukanawishwa mikono kama wakwe. Wazee wakatuombea dua ndefu. Mimi nikamkanyaga Mama Riziki mguu: sema. Akanikanyaga: sema weye. Mwishowe akakohoa, akaingia mlangoni kwa mgonjwa.

"Baba, samahani. Tulikuwa tunataka…"

Mzee Athumani akafumbua macho. "Binti yangu," akasema, "tangu nipasuliwe, leo ndiyo mara ya kwanza sijausikia mgongo wangu."

Mama Riziki akasimama pale.

"Tulikuwa tunataka kukuaga," akasema.

Jabe

Mlitupokea wenyewe, kwa hiyo mnajua tulishuka na asali ya Kaliua chupa moja. Ambalo wengine hamlijui ni kikao cha jioni ile nyuma ya bucha la Mzee Yusufu, sisi wanane. Mama Riziki hakukaa. Alisimulia yote amesimama, hakujificha nyuma yangu hata mara moja, na alipofika kwenye hindi sauti yake ilikatika. Hakuna aliyecheka. Aliporudia matusi ya babu wa mtangazaji, tulishindwa.

Mzee Yusufu peke yake alibaki amenuna.

"Kwa hiyo," akasema, "sehemu yangu ya godoro iko Ujiji. Imelaliwa na mtu nisiyemjua."

"Ndiyo, Mzee."

"Sehemu gani?"

"Unasema?"

"Sisi ni wanane. Nauliza, sehemu yangu ni ipi?"

Mama Riziki akafikiri kwa makini, maana swali lilikuwa la haki. Akagawa palepale: mabega kwa fulani, mgongo kwa fulani, mimi nikapewa upande wa miguu kwa sababu nilitaka kukataa. Mzee Yusufu akapata katikati, panapokaa nyonga. Akaondoka bila kuaga.

Wiki hii Mwajuma ametuma ujumbe wa sauti, ukapita simu kwa simu mpaka ukafika hapa kibandani. Nikaufungua kwa sauti ya juu, wenzangu wakasogea, na Mzee Yusufu akasimama mlangoni na kisu chake cha bucha akijifanya anapita. Mwajuma anasema baba yake asubuhi hiyo, kwa mara ya kwanza, ameinuka mwenyewe akaketi kitandani, akaomba chai.

Nikaurudisha ujumbe mwanzo, tukausikiliza tena.

"Ameketi?" akauliza Mzee Yusufu.

"Ameketi, Mzee."

Akazitikisa ndevu zake, akageuka kurudi kwenye nyama zake, na tukamsikia akimwambia mteja wa kwanza aliyemkuta: "Ameketi kwangu."